Daktari Tochi na Jicho la Nyundo

Ngumi iliyomfanya mjukuu wangu awe profesa haikumpiga yeye. Ilimpiga mama yake, binti yangu wa kwanza, pembeni mwa nyusi ya kulia, asubuhi saa ya chai, kwa kosa la sukari kuchelewa mezani. Aliyeirusha ni mumewe, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Mtaa mzima ulimwita Nyundo, na si kwa sababu ya kazi yake. Aliwahi kumtandika punda ngumi moja ya shavu. Punda yule akakaa kitako kama mtu, akayatafakari maisha yake, na tangu siku hiyo akawa anampisha njia kila mwenye viatu. Usiponiamini mimi, kamuulize punda.

Nyumba yangu na yao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Nikasikia mlio kama wa bati linalogongwa, nikadhani mkwe kaleta kazi nyumbani. Halafu nikamsikia mtoto. Nilipoingia, binti yangu alikuwa sakafuni, birika limemlalia kifuani, chai inamtiririka shingoni, na mumewe kamwinamia.

"Inuka," anamwambia, "usijifanye umekufa."

Mjukuu wangu, msichana wa miaka tisa, alikuwa chini ya meza na daftari lake. Nikashika kigoda, nikampa nacho Nyundo mgongoni. Kigoda kikapasuka vipande vitatu. Mgongo haukupasuka. Najua mkwe hapigwi. Lakini mke naye hapigwi, basi siku ile tulikosa wote wawili.

Hospitali tulimkuta daktari mmoja mwenye haraka kama anafukuzwa na nyuki. Akaivuta kope ya jicho la binti yangu, akalitazama muda wa kupiga chafya, akasema, "Jicho zima. Halina hata mkwaruzo."

"Lakini halioni," binti yangu akamwambia.

"Mama, jicho zima linaona. Wewe una hasira na mumeo." Akaandika kwenye kadi neno moja: anajifanya.

Ee, neno lile! Nyundo aliitia kadi kwenye mfuko wa shati, na kuanzia siku hiyo akawa anampiga mke wake kwa cheti. Maana binti yangu alikuwa anamimina chai nje ya kikombe. Kikombe kipo hapa, chai inakwenda pale. Alikuwa anakosea ngazi, anashika hewa pembeni mwa kitasa. Na kila chai ikimwagika, Nyundo anaipapasa ile kadi mfukoni. "Daktari mzima kasema unajifanya. Unanichezea mimi?" Kofi. Chai. Kofi. Wiki tatu nzima kitambaa cha meza hakikukauka, na mashavu ya binti yangu hayakukauka.

Siku moja mtoto akaja kuniazima tochi yangu, ile ya kutafutia mayai bandani. Akamkalisha mama yake kwenye kona yenye giza, akammulika jicho la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto. Alikuwa anacheza tu, nadhani, au alikuwa anamtafuta mama yake mle ndani. Akaniita.

"Bibi, njoo uone. Mboni ya mama imekosea."

Nikainama. Sijasoma, lakini kufumba na kufumbua nakujua. Akimulika jicho la kushoto, mboni zote mbili zinajikunja kuwa ndogo kama punje ya mtama. Akiihamisha tochi upesi kwenye la kulia, zote mbili zinafunguka tena, taratibu, kana kwamba taa imezimwa. Na taa iko palepale, inawaka usoni.

"Jicho hili halijui kama kuna taa," mtoto akasema. "Mama hajifanyi. Mboni haiwezi kujifanya, haina mtu wa kuifundisha."

Akatoka mbio kwenda kumwonyesha baba yake. Alifikiri akiona atalia. Nyundo hakutazama. Alimpiga kibao cha mgongo wa mkono, mtoto akaruka na tochi, kioo kikavunjika, na jino la mbele likabaki kwenye zulia. Jioni ile ile niliwahamishia kwangu wote wawili. Nyundo alipokuja kuwadai nilikuwa mlangoni na sufuria la uji unaochemka. Nikamwambia, "Mkwe, karibu, unakunywa au unaoga?" Akapiga hatua. Basi akaoga. Kifua chake mpaka leo kina ramani ya nchi isiyojulikana. Akahamia upande wa pili wa mji, akaoa tena, na miaka ishirini na saba hakuniamkia.

Mtoto akabaki na tochi iliyovunjika kioo. Ndiye aliyemfundisha mama yake kumimina chai: gusisha kwanza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe, mkono usikie, ndipo umimine. Nami nikampa jina, Tochi.

Kusoma alisoma kama anayelipiza kisasi. Shule, chuo cha udaktari, kisha macho, kisha akaenda nchi ya baridi miaka mitatu kusomea ule mshipa wa fahamu unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Alinieleza mara moja nikaelewa, na mimi nawaelezeni. Mshipa huo hupita kwenye tundu la mfupa, jembamba kama tundu la sindano ya magunia. Ukipigwa pembeni mwa nyusi, jicho linaweza lisipate hata mkwaruzo, lakini mshipa unatikisika, unavimba ndani ya tundu, hauna pa kuvimbia, unajinyonga. Jicho linabaki zima, zuri, la kuvutia posa, na limekufa.

Kazi yake iko mpakani. Daktari wa macho akiona jicho zima anasema, nenda kwa wa ubongo. Wa ubongo anasema, nenda kwa wa macho. Mjukuu wangu kaweka kiti katikati ya njia, anawakamata watu wasipotee. Chumba chake kiko ghorofa ya tatu, pazia jeusi, kiti cha kuzungushwa, chombo cha kuwekea kidevu, ubao wa herufi ambazo mimi zote nazisoma "M". Na mezani, kopo la penseli nyekundu.

Penseli zile ni sheria yake. Akawa mhadhiri, akawa profesa, na kila mwanafunzi anayepita mikononi mwake lazima achore. Kwenye kila faili kuna duara mbili, jicho la kulia na la kushoto, na mwanafunzi azijaze alichokiona kabla hajaandika neno. "Chora ulichokiona," anawaambia, "usiandike ulichoambiwa." Mmoja aliandika "mgonjwa anasumbua" na duara akaziacha tupu. Tochi aliitupa kalamu yake dirishani. Kalamu ikateremka ghorofa tatu, ikamchoma mlinzi kwenye kofia, mlinzi akapuliza filimbi, na hospitali nzima ikakimbilia uwanjani ikidhani ni moto. Tangu hapo wanachora hata wagonjwa wa mguu.

Msidhani kazi ile ni ya amani. Jumatatu asubuhi benchi lake linajaa vichwa vya Jumamosi: aliyepigwa chupa, aliyepigwa tofali, mke aliyeangukia mlango, na mlango wenyewe kaoana nao. Mara moja alimwambia jamaa mmoja kwamba jicho la mdogo wake halitarudi. Jamaa akamzaba kofi mpaka miwani ikaenda chini ya kabati. Wanafunzi wakapiga kelele. Tochi akainuka na damu mdomoni, akaishika tochi yake, akamwambia, "Kaa hapo. Mtu hapigi hivi bila sababu." Akamchungulia ndani ya macho, akaona mishipa imevimba kama vifundo. Jamaa mwenyewe alikuwa na uvimbe kichwani. Akapasuliwa, akapona, na kila mwaka analeta kuku kwa ajili ya lile kofi. Kuku mmoja nimemla mimi.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe.

Mke mpya wa Nyundo, ambaye sisi tulimwita Bi Mdogo ingawa hatukuwahi kumwona, alimpiga mumewe na spana. Spana namba ishirini na nne, kutoka kwenye mkoba wa Nyundo mwenyewe, pembeni mwa nyusi ya kulia. Nilipopata habari nilicheka mpaka nikaomba maji. Halafu nikaacha kucheka, maana Bi Mdogo alikuwa rumande. Nyundo alimshtaki kwamba kampofua jicho, na kosa hilo kifungo chake ni miaka hata mtoto anaota ndevu.

Daktari wa polisi akamtazama Nyundo. Jicho zima, akasema, halina mkwaruzo. Akaandika. Mnajua alichoandika.

Nyundo akaruka juu mahakamani. "Najifanya? Mimi? Nataka bingwa!" Hakimu, mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ndogo, akauliza bingwa wa jambo hilo yuko wapi. Nchi nzima alikuwa mmoja. Tochi akaitwa, akasimama na kusema waziwazi, "Mheshimiwa, mlalamikaji ni baba yangu. Alinitoa jino." Hakimu akawauliza pande zote. Nyundo akasema hakuna mwingine, atafanyaje. Bi Mdogo akakubali haraka, hata akatabasamu. Mahesabu yake yalikuwa rahisi: binti aliyetolewa jino hawezi kumsaidia baba. Bingwa aandike anajifanya, jicho lionekane zima, kesi ife, arudi kwa watoto wake wawili.

Mahesabu yangu yalikuwa hayo hayo. Siku iliyofuata nikapanda ngazi za ghorofa ya tatu, magoti yakinitukana.

"Mke mwenza," nikamwambia, maana tunataniana hivyo, "andika neno moja tu. Anajifanya. Lile lile waliloandika kwa mama yako. Mwanamke wa watu atoke."

Alikuwa anachonga penseli. "Bibi, bado sijamtazama."

"Unamtazama wa nini? Mimi namjua toka ana meno yote."

"Na kama haoni?"

"Kama haoni, mama yako naye alikuwa haoni!"

Akaiweka penseli chini. "Ndiyo sababu, Bibi. Neno hilo nimelisomea miaka ishirini ili lisiandikwe hivi hivi tena. Nikiliandika kwa mtu ambaye haoni, basi yule daktari mwenye haraka alikuwa sawa, na mimi nimepoteza jino bure."

Nikamwita majina ambayo hayaandikiki. Akanipa kiti.

Nyundo aliingia saa nne, ndevu nyeupe, fimbo mkononi, plasta kwenye nyusi. Aliponiona akaubana mdomo. Mimi nikagusa kifua changu, mahali ramani yake ilipo, nikamkonyeza.

"Hunisalimii baba yako?" akamwambia Tochi.

"Shikamoo. Kidevu hapa. Paji la uso hapa. Usifumbe."

Akazima taa. Nikaona ile nuru ikitembea gizani: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Naapa nilikuwa naomba. Nilisema, mboni, jikunje, mboni ya shetani wewe, jikunje. Tochi ikahamia kulia. Mboni zote mbili zikafunguka, taratibu, kana kwamba taa imezimwa.

Niliiona kona yetu ileile, na mama yake kwenye kiti.

Tochi akawasha taa. Kisha akachukua penseli, akachora.

"Unaandika nini?" Nyundo akauliza, na sauti yake haikuwa ya nyundo tena. "Nao wanasema najifanya. Mtaani wananicheka. Namimina chai inakwenda mezani, wanasema mzee kalewa. Mwanangu, wallahi sioni."

"Najua, baba," Tochi akasema. "Inaumiza, sivyo? Kutoaminiwa."

Nyundo alipotoka aligonga bega mlangoni, upande wa kulia.

Mimi nikaanza kulia kwa hasira, nikamwambia amemzika Bi Mdogo kwa mkono wake. Akanijibu kwamba hakimu amemuuliza kuhusu jicho moja, lakini kwenye vita ile yalikuwepo macho manne. Akaenda rumande na mlinzi na karatasi ya hakimu, nami nikamfuata kama mkia. Bi Mdogo alikuwa mwembamba, kakaa amejikumbatia.

"Siku ile spana uliichukuaje?" Tochi akamuuliza.

"Ilikuwa sakafuni. Mkono ulikuwa unatafuta chochote."

"Na yeye alikuwa anafanya nini?"

Akaishika shingo yake. Kisha akasema, "Nikisema, nani ataamini? Hakuna alama. Nilikwenda hospitali kesho yake, kabla sijakamatwa, macho yamekuwa mekundu kama pilipili, mama mkwe kasimama nyuma yangu. Nikasema ni vumbi."

"Hospitali gani?"

"Kwenu. Ghorofa ya tatu. Msichana mwenye miwani."

Tochi akashika ukuta. "Unaniruhusu nilifungue faili lako?"

"Fungua. Mle kuna vumbi tu."

Tulirudi mbio. Mimi mbio! Wakatoa masanduku, wakamwaga mafaili chini mpaka sakafu haikuonekana. Msichana mwenye miwani, mwanafunzi wa mwaka wa nne, akaanza kufunga mkoba wake akidhani anafukuzwa. Faili likapatikana. Juu, kwa wino: "Mgonjwa anasema vumbi." Na chini yake duara mbili, na ndani ya duara nukta nyekundu, nyingi, ndogo ndogo, kwenye weupe wa macho yote mawili na ndani ya kope za chini, zimechorwa moja moja kama aliyekuwa anahesabu mchele.

"Kwa nini ulichora hivi na umeandika vumbi?" Tochi akamuuliza.

"Profesa, uliniambia nichore nilichokiona," msichana akasema, machozi tele. "Vumbi niliambiwa tu."

Mahakamani nilikaa mstari wa mbele na binti yangu, yeye kapakata chupa ya chai. Hakimu akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Bingwa, mlalamikaji anajifanya?"

"Hajifanyi, Mheshimiwa. Jicho la kulia halioni kabisa, na halitaona."

Ukumbi ukanguruma. Nyundo akapiga fimbo chini, "Mmesikia? Mmesikia!" Bi Mdogo akateleza kwenye kiti kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Mkono wa binti yangu uliushika wangu mpaka mifupa ikalia. Neno ambalo hakuwahi kuambiwa yeye, kaambiwa aliyempofua. Nilivua kandambili moja. Sijui ningempiga nani.

"Sijamaliza," Tochi akasema, akatoa faili.

Akaeleza polepole kama anafundisha. Mtu akikabwa koo, damu inapanda kichwani haina njia ya kurudi, na vimishipa vidogo vya macho vinapasuka kimoja kimoja. Vumbi haliachi nukta za namna hii. Msichana mwenye miwani akasimama, akaapa, akasema tarehe. Ilikuwa kesho yake ya ile spana.

Mwanasheria wa Bi Mdogo, aliyekuwa amelala tangu kesi ianze, akaamka. "Mzee, mke wako ulimkaba?"

"Mimi? Sikumkaba."

"Hukumshika shingo kabisa?"

"Nilimshika kidogo tu! Mpaka anyamaze!"

Hata mlinzi alifunga macho. Hakimu akaandika dakika nzima, na kilichosikika ni kalamu. Kisha akasema anayekabwa hachagui anachokiokota sakafuni, na kwamba kupofuka kwa mlalamikaji ni kweli, na kukabwa kwa mshtakiwa ni kweli, na Bi Mdogo aende kwa watoto wake. Nyundo akaambiwa asiondoke, polisi wana maswali ya shingo.

Lakini Nyundo si mtu wa kungoja. Kwenye ujia, Bi Mdogo alipopita akiwa kajifunika khanga usoni, alimpandishia ngumi. Ile ile ya punda. Nikaiona inakuja kwa nguvu zake zote za miaka yote. Ikapita kiganja kizima mbele ya pua ya mwanamke na kuupiga mwimo wa mlango. Mifupa ya vidole ikalia kama njugu. Bi Mdogo hata hakuguswa. Nyundo akautazama mwimo, akautazama mkono, hajaelewa nani kauhamisha mlango.

Tochi akamshika ile ngumi iliyovunjika, akaigeuza mara mbili. "Mifupa si kazi yangu, baba. Nenda hospitali yetu, ghorofa ya chini, mlango wa tatu. Waambie wauchore kwanza."

Askari wakamkalisha kungoja gari kwenye benchi la pale kwenye ujia, tulilokalia mimi na binti yangu. Hapakuwa na benchi jingine. Akakaa anahema, mkono mmoja umevimba kama andazi. Binti yangu akafungua chupa, akajimiminia chai bila kumwaga tone, kisha akaisukuma chupa na kikombe kuelekea kwake. Nikamfinya. Hakujali.

"Gusisha kwanza mdomo wa chupa kwenye ukingo wa kikombe," akamwambia, bila kumtazama. "Ndipo umimine. Mimi nilifundishwa na mtoto wa miaka tisa, siku ulizokuwa unanipiga."

Nyundo akaishika chupa kwa mkono mzima. Hakugusisha. Mwanaume wa aina ile hafundishwi. Chai ya moto ikapita pembeni mwa kikombe, ikamshukia yote mapajani, akaruka, akapiga ukelele, na ujia mzima ukageuka kutazama.

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nilikikunja vizuri, nikakirudisha kwenye mkoba.